Mtoto wa Mama Anatoka wa Kwanza

Mama,

Nimeshindwa. Nakuambia hata kabla ya salamu kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Ile safari ya Lubumbashi uliyoitamani mpaka ugonjwa ukakulaza, Jumapili ilikuwa mezani pangu, katika ukumbi wa parokia hapa Kolwezi: mchezo mmoja tu wa sataranji, na mshindi anakwenda huko kuuchezea mkoa wetu wa Lualaba. Nimeipoteza kwa kidole.

Nilifungua kama ulivyonifundisha. Kete ile ndogo inayosimama mbele ya malkia, wengine huiita pioni ya malkia. Wewe uliiita mtoto wa mama. "Mutoto wa mama anatoka wa kwanza," ulikuwa unasema, "asiogope, mama iko nyuma yake." Nikamtoa. Mchezo ukaniendea vizuri, Mama, vizuri kabisa, mpaka mpinzani wangu, Tata Kabwe, yule karani wa mgodi uliyekuwa ukimfunga huku unamcheka masharubu, akaanza kuhema.

Kisha akamtishia mtoto. Zamu ilikuwa yangu. Unakumbuka ulivyokuwa unafanya nyumbani mtoto akiwa hatarini? Ulimpapasa malkia kichwani kwanza: "Hapana kulala, mama, mutoto iko mu taabu." Nami nikampapasa. Sikufikiri. Tangu msiba mikono yangu ina njaa. Walifunga sanduku kabla sijakugusa, eti tuharakishe, malori ya shaba yataziba njia ya makaburini.

Tata Kabwe akainama. "Mwana, ile ulishagusa, ni ile utacheza." Aliona aibu kulisema, lakini ndiyo sheria. Malkia alibakiwa na nafasi moja tu ya kwenda, na farasi wa Tata Kabwe alikuwa anaingojea. Nikakupeleka mwenyewe, Mama. Akakuchukua.

Nilikataa kusalimu amri. Nilicheza nikilia mbele ya watu wote, mpaka nikabaki na mfalme na mtoto wa mama, basi. Sijui kuishi hivi. Nakuambia kweli, sijui.

Lipo lile neno la Kifaransa la kusema ukitaka kugusa kete bila kuicheza: jadube. Ulinifundisha, likanitoka. Mashindano yakirudi nitamtoa mtoto wa mama tena, nakuahidi. Na kesho nakuja makaburini. Nitalitamka kwanza, ndipo niweke kiganja juu ya udongo wako, asiwepo wa kukuchukua tena.

Jadube, Mama. Lala salama.