Nyumba Isiyolalwa

Pap Onditi,
18 Februari 2024

Kwa kaka yangu Walter,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi ni wazima, isipokuwa kifua cha Mzee ambacho hakijakubali kupona. Na wewe je, baridi ya huko imekuachia? Shemeji yako Debra anakusalimia. Sheryl pia, na mdogo wake Sydney ambaye anakuita Anko wa Simu.

Najua utacheka kwamba nimekuandikia barua nzima badala ya kupiga simu. Ukipigiwa unasema "nitaliangalia hilo," halafu unaingia mkutanoni. Barua huwezi kuikatia katikati. Tena mimi ni mwalimu wa Kiswahili, niache nifanye kazi yangu.

Neno lenyewe ni hili. Masika ya mwaka jana maji yaliingia nyumbani kwangu mpaka kitandani, unajua. Ukuta wa nyuma sasa umeinama. Wingu likikusanyika tu upande wa ziwa, Debra anaanza kukunja nguo za watoto. Mzee amenipa kiwanja kule juu, kupita kanisa, ambako maji hayajawahi kufika. Mbao ninazo. Kinachonizuia ni wewe, kaka. Wewe ndiwe mkubwa, na hujajenga hata simba, ile nyumba yako ya ujana, hapa bomani. Nikitoka kwenda kufungua boma langu kabla yako nitakuwa nimekuruka, na Mzee hataki kusikia hilo.

Wazee wamekaa, Baba Mdogo Opiyo akiwemo, na wamekulegezea. Hawadai uoe kwanza. Wanachotaka ni simba yako isimame karibu na lango, na wewe mwenyewe uje uwashe moto na ulale humo usiku mmoja. Asubuhi yake Mzee ananitoa kwenda kufungua boma langu. Usiku mmoja tu, omera, ndugu yangu, kisha urudi kwa Wazungu wako.

Njoo kabla mvua haijaanza. Nakuomba kama mdogo wako.

Ndugu yako mdogo,
Oluoch

Split, Kroatia,
26 Februari 2024

Kwa mdogo wangu Oluoch,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo. Baridi inaelekea kuisha, ila kuna upepo hapa unaoshuka milimani na kumvua mtu kofia barabarani. Mpe Mzee pole ya kifua. Mwambie dawa ni za kunywa, si za kuwekwa chini ya mto.

Hujaniuliza ninakokaa lakini nitakuambia, maana hata mimi sijazoea. Ni ndani ya jumba la mfalme wa Kirumi. Sikutanii. Alilijenga ili astaafu humo, zamani sana, na miaka mingi baada ya kufa kwake watu wakahamia taratibu, wakatoboa madirisha, wakazigawa kumbi kuwa vyumba. Leo kuna duka la viatu humo ndani, kuna kanisa, na kuna mama jirani anayeanika mashuka kwenye kamba aliyoifunga kwa nguzo ya mfalme. Chumba changu kina ukuta mmoja wa mawe yale ya kale na kuta tatu za plasta. Hapo nimeweka meza na kompyuta, na kuanzia mchana nawabadilishia Wamarekani tiketi zao za ndege. Mtu amekwama Texas, mimi namkwamua nikiwa na soksi miguuni. Bosi wangu hatujawahi kukutana ana kwa ana.

Sasa la kwako. Kibali changu cha kukaa huku kinaisha. Nimeomba kingine na faili iko kwa polisi. Wakili ameniambia nikivuka mpaka kabla ya jibu, faili itafungwa. Na kampuni imeniandika kwa sharti niwe huku, kwa hiyo kibali kikienda na kazi imekwenda. Unakumbuka nilivyozunguka Kisumu na shahada yangu kwenye bahasha mpaka viatu vikatoboka. Naogopa kurudi kule, Oluoch. Nakuambia wazi.

Tufanye hivi. Jengeni simba, gharama yote ni juu yangu. Msingi uwe wa mawe na uinuke. Siku ya kulala, wekeni simu kitandani, nami nitakuwa hewani usiku kucha mnanitazama. Baba Mdogo atawasha moto nikimwona. Siku hizi watu wanaoana hivyo, wanazikana hivyo. Waulize wazee.

Kaka yako,
Walter

Pap Onditi,
24 Machi 2024

Kwa kaka yangu Walter,

Hujambo huko kwa mfalme? Sisi tunajikaza. Samahani nimechelewa kujibu, nilitaka kwanza nyumba ikamilike.

Nilimsomea Mzee barua yako kwa Dholuo. Ile ya simu kitandani ilimchekesha mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akataka kujua hiyo nyumba unayokaa, mwenye nyumba yuko wapi. Nikamwambia alikufa. Akauliza watoto wake walihamia wapi, nikasema sijui. Akaweka kikombe chini, akasema, "Kwa hiyo mwanangu analala kwenye gofu la marehemu." Unajua kwetu mwenye boma akifa watoto hutoka wakajenga kwao, pale pakabaki pa kulimwa. Tangu siku hiyo akiombea chakula anakutaja kama anavyowataja wagonjwa.

Kuhusu simu, Baba Mdogo Opiyo aliuliza swali moja tu. Moto akiuwasha yeye, atakayekuwa amelala humo ni nani, wewe au yeye? Wazee wakaikataa simu.

Simba yako imekwisha. Msingi wa mawe, mabati ya bluu, mlango wa chuma. Ndiyo nyumba nzuri kuliko zote hapa bomani na hakuna anayeingia, hata kuku wanafukuzwa. Ufunguo anao Mzee.

Mvua imeanza. Debra ameniambia hatapitisha msimu mwingine akimlaza Sydney juu ya meza. Hakupiga kelele. Alisema polepole akichambua dagaa wa omena, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Kibali chako sibishani nacho, lakini nipe tarehe nimwambie.

Mdogo wako,
Oluoch

Split,
5 Aprili 2024

Oluoch ndugu yangu,

Habari za hapo? Mimi mzima wa mwili. Nimekwenda polisi tena. Yule dada wa dirishani ananijua sasa, hata jina langu halisomi, ananiambia tu subiri. Labda mwisho wa mwezi. Nipe mpaka mwisho wa mwezi, jibu likitoka tu napanda ndege.

Ile habari ya gofu imeniharibia usingizi. Nikizima taa naona ukuta wa mfalme peke yake, zile kuta nyingine tatu kama hazipo. Mwambie Mzee aache kuniombea kwa namna hiyo.

Na mwambie Debra avumilie kidogo. Najua ni rahisi mimi kusema.

Kaka yako,
Walter

27 Aprili 2024

Oluoch, hamjambo? Nimeona picha za mafuriko ya huko kwetu. Simu yako haipatikani, ya Debra pia. Mkipata mtandao niandikieni. Kaka yako.

28 Aprili 2024

Baba Mdogo pia hapokei. Nimempigia mpaka mchungaji. Mko wapi? Kaka.

30 Aprili 2024

Neno moja tu, Oluoch. Leo nimemkatia mama mmoja tiketi ya mji ambao hakuuomba. Bosi ameniandikia kuuliza kama niko sawa, nikamjibu niko sawa. Nijibu, tafadhali. Kaka yako.

Pap Onditi,
3 Mei 2024

Kwa Walter,

Tuko hai. Nianze na hilo, salamu zitafuata. Simu zetu zilizama, hii nimeazima kwa mwalimu mwenzangu hapa shuleni tulikopewa darasa la kukaa.

Maji yalikuja alasiri, tukidhani mvua imekatika. Ule ukuta wa nyuma uliangukia kitanda. Sheryl alikuwa ameshuka hapo muda si mrefu kwenda kumtafuta paka. 

Tulikimbilia langoni. Nyumba iliyokuwa kavu ni moja tu, ya kwako. Debra, Sydney akiwa mgongoni, alitaka kuingia. Mzee akasimama mlangoni, ufunguo mkononi, maji magotini. Debra alimsihi, Walter. Alimsihi kama hajawahi kumsihi mtu. Mzee alikuwa analia na yeye, akasema, "Nikimlaza mtu humu kabla ya Walter, nimetamka kwa mdomo wangu kwamba hatarudi. Msinitamkishe."

Debra akanigeukia akaniuliza kama nitavunja mlango au sitavunja. Sikuvunja. Tukatembea ndani ya maji mpaka shuleni, nimembeba Sheryl mabegani. Kesho yake Debra alichukua watoto akaenda kwa mama yake Kombewa. Alisema atarudi siku nitakayomwonyesha mlango ulio kwenye ardhi kavu, vinginevyo nisijisumbue na nauli.

Mzee amekataa kuja shuleni. Anakaa kwenye kizingiti cha simba yako, chini ya mabati, mgongo kwenye mlango. Haingii, kwa sababu baba halali nyumbani kwa mwanawe, na haondoki. Baba Mdogo anampelekea uji. Kifua chake sasa kinasikika ukiwa langoni.

Nimekukasirikia, kaka, sitakuficha. Halafu nakumbuka bahasha yako ya shahada nakuonea huruma, halafu nakasirika tena. Nikikuruka, Mzee hatanitoa wala hataniangalia usoni. Nisipokuruka, Debra harudi. Wewe ndiwe mkubwa, niambie nifanye nini. Jumatatu nakwenda Kombewa kumwomba. Ukitaka kuniandikia, tumia namba ya mama mkwe.

Mdogo wako,
Oluoch

Pap Onditi,
12 Mei 2024

Kwa mdogo wangu Oluoch, huko Kombewa,

Wasalimie mama mkwe na wote hapo. Usishtuke na mahali nilipoandika hapo juu. Nimefika jana. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu Mzee amekaa hapa nje na kuna jambo sitaki alisikie, utaliona mwishoni.

Sikukuambia nakuja kwa kuwa sikujiamini. Kwenye uwanja wa ndege afisa alitazama pasipoti yangu, akaniuliza kama ninaelewa kwamba faili yangu itafungwa. Nilisema naelewa. Kama ningekuwa nimekuahidi na nikageuka pale, nisingeweza kukuandikia tena maishani.

Mzee nilimkuta kwenye kizingiti ulikomwacha. Amekonda, Oluoch, ungenionya. Hakunikumbatia. Alinipa ufunguo, akaniambia kuni zimelowa nitumie makaratasi. Niliwasha moto wangu mwenyewe, moshi ukanitoa machozi, na sikujua yapi yalikuwa ya moshi. Nililala kwenye mkeka. Mbu wa kwetu hawajabadilika.

Asubuhi nilimsikia akija. Alisimama nje, mguu hakuuvusha.

"Umelala?"

"Nimelala, Baba."

Akauliza tena, kana kwamba hakusikia. Nikamwambia tena nimelala. Hapo akageuka akamwita Baba Mdogo kwa sauti niliyoisahau, atafute shoka na jogoo wa kufungulia boma jipya, mtoto wake Oluoch anatoka. Mchana tumempeleka Mzee hospitali, wamempa sindano na dawa, na safari hii anazinywa.

Basi njoo na Debra na watoto. Kule juu ni pakavu, nimepanda mwenyewe kupaangalia. Sydney ndiye wa kumbeba jogoo, tutamshikia. Mwambie Debra shemeji yake anamwomba msamaha na ataurudia ana kwa ana, hata akikataa kuupokea.

Sasa lile jambo. Kampuni wameniandikia leo, mistari miwili, kazi imekwisha. Chumba cha Split nimeomba rafiki akifunge. Sijui nitafanya nini, na nikikaa peke yangu naanza kuhisi ile bahasha mkononi. Mzee ameniuliza narudi lini kwenye lile gofu. Nimemwambia nimepewa likizo ndefu, na amefurahi sana. Ukifika akikuuliza, sema hivyo hivyo.

Kaka yako,
Walter