Jina Nililokuja Nalo Kutoka Vitani

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Naomba Mungu liwe limetulia, uweze kufika shambani bila fimbo. Huku tu wazima. Mvua ilijaza maji Jangwani, wateja wakapungua dukani, ila leo jua limewaka. Mwambie mdogo wangu Mwajuma akusomee polepole, asiruke neno.

Juzi nilipokupigia ulikaa kimya, halafu simu ikakatika. Najua haikuwa chaji. Nilikwambia kwa pupa nikakutia hofu, ndiyo maana leo naandika.

Nilimpata Mzee Lukasi, aliyepigana vita vya Uganda na marehemu Baba. Anakaa Upanga kwa binti yake. Amepata kiharusi, maneno yanamtoka kwa shida, kwa hiyo niliwahi kumrekodi kwenye simu. Baba alikwenda na habari zake zote. Na mimi, Mama, miaka yote nilikuwa na swali nisilothubutu kulitoa: Baba aliniokota, au alininyang'anya kwa mtu?

Nikamuuliza Mzee hivyo hivyo. Akanitazama sana.

"Hukuokotwa, mwanangu. Ulikabidhiwa."

Walikuwa wamepumzika kando ya barabara, ndani kabisa ya Uganda. Akatokea bibi mmoja, mtoto mgongoni. Nyumba yao ilikuwa imeungua, mama wa mtoto amekufa, na yeye mwenyewe anakohoa damu. Akapita kwa askari mmoja mmoja akiwaangalia usoni. Alipofika kwa Baba akasimama.

"Baba yako alikataa," Mzee akasema. "Akamwambia, 'Bibi, mimi mwanajeshi, naweza kufa kesho.' Yule bibi akamjibu, 'Mimi nakufa leo.' Basi baba yako akavua koti akakufunika."

Manesi wa jeshi wakanitunza, lakini usingizi sikuupata mpaka Baba aje. Hakujua hata wimbo mmoja wa kubembeleza mtoto, akawa ananiimbia nyimbo za kwata. "Na sisi wengine tunaitikia," Mzee akasema, "taratibu, usije ukashtuka." Hapo akacheka na kulia pamoja. Nami pia.

Ndipo akanitajia jina ambalo bibi aliniita: Nakato.

Kesho yake nikamsimulia mama mmoja wa Kampala anayechukua vitenge kwangu. Akaweka mzigo chini. "Dada, Nakato ni pacha wa kike aliyezaliwa wa pili. Wa kwanza wa kike huitwa Babirye." Nikakaa juu ya robota la vitenge.

Hiyo ndiyo habari iliyokunyamazisha, kwamba huenda nina pacha wangu huko. Mama, sitafuti mama mwingine. Shangazi alinisimulia nilivyoletwa nikiwa na surua mwili mzima, na wewe bado bibi harusi mgeni pale kwetu. Watu wakanong'ona kwamba mtoto wa vitani ataleta balaa. Ukanifunga mgongoni, ukaenda nami kisimani mbele ya macho yao. Wewe hujawahi kuniambia hata siku moja. Safari yangu Mzee Lukasi anaijua mpaka Baba aliporudi kambini. Kutoka hapo anayeijua ni wewe, na nataka niisikie kwa sauti yako, niihifadhi pamoja na ya Mzee, wajukuu zako waje kusikia.

Kwa hiyo nakuja Masasi wiki ijayo. Barua hii nimempa kondakta wa basi itangulie, upate nafasi ya kulia kabla sijafika.

Yule mama wa Kampala yuko tayari kuniulizia habari za pacha huko kwao. Nimemwambia asubiri neno lako. Ukisema hapana, basi. Ukisema ndiyo, tutakwenda wote, ili Babirye akifungua mlango akukute wewe umesimama mbele yangu.

Nisalimie shangazi, na mdogo wangu Selemani na mkewe. Mwajuma nimemwekea kitenge chake.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
Zainabu