Hodhi la Shangazi Uani Kwetu

Nyumba ya kona,
nyuma ya karakana ya seremala.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Waendeleaje huko ghorofani kwako? Na mgongo je, unakusumbua bado, au umezizoea zile ngazi? Kila nikiinama kuokota kitu nakukumbuka. Sisi huku wazima, vikohozi vya hapa na pale tu. Mama mkwe wangu anasema nikuandikie kwamba yeye hakohoi, anasafisha koo. Basi ujue hajambo kabisa.

Barua yako niliipata. Uliniomba niseme kweli bila kukupamba: lile hodhi la maji moto ulilotuachia ulipohama, lina raha? Linategemeka? Au ulitutwisha mzigo? Nimechelewa kujibu, unisamehe. Nilikuwa sijui niseme nini. Leo najua.

Nianze na raha, maana hapo sina la kulaumu. Tumelikalisha uani chini ya dirisha la jikoni, na Baba Bonge, kwa vile mbao ndizo kazi yake, amelijengea paa na kipandio cha ngazi mbili. Akirudi na vumbi la mbao mpaka kwenye kope, anaoga kwanza, ndipo anaingia. Yale maji yakianza kumpiga mgongoni kutoka kwenye vitundu, mwite upendavyo, hasikii. Mimi nikiingia mabega yananishuka, na mwenzio hata sikujua kama nilikuwa nimeyapandisha.

Mama mkwe mwanzoni aliliita sufuria ya watu. Akipita anachungulia: "Haya, leo anaiva nani?" Siku hizi ukimkosa sebuleni usihangaike, yumo ndani, kidevu juu ya maji, na anataka chai aletewe humo humo.

Lakini si unajua, hatukulipokea kwa ajili ya migongo yetu. Ni miguu ya Bonge. Mwanangu alitimiza miaka miwili hajawahi kusimama. Mama wa mazoezi pale kliniki alituambia misuli imemkaza, maji ya uvuguvugu yatamlegeza, tumfanyishe mazoezi humo kwa muda mfupi mfupi na tusimwachie hata kidogo. Kwa hiyo zamu yake ikifika tunapunguza ule moto wa wakubwa, linabaki joto la kuogeshea mtoto. Namshika kwapani, anarusha miguu, anacheka mpaka anashikwa na kwikwi. Ile miguu iliyokuwa inaning'inia kama ya mwanasesere wa kitambaa, ikiingia majini inapata akili zake. Akisikia tu kifuniko kinafunguliwa, kile kishindo chake ukutani, anaacha hata kula.

Sasa kutegemeka. Hapo nisikufiche, Shangazi: hodhi lako lina madeko. Chujio lisiposafishwa kila wiki, maji yananuka soksi. Dawa ya maji ukizidisha macho yanawasha, ukipunguza linafanya utelezi. Umeme ndio usiseme, linakunywa kama lina kiu ya mwaka.

Mengine ni makosa yetu wenyewe. Mama mkwe aliona maji yamechafuka, akayahurumia, akayatilia sabuni ya unga ya kufulia, kisha akawasha pampu. Shangazi! Povu lilipanda, likavuka ukingo, likaja mlangoni kama mgeni aliyealikwa. Baba Bonge alikuwa anatafuta ndala zake ndani ya povu, mimi nimekaa chini sina mbavu kwa kicheko, na mama mkwe amesimama kwenye kipandio, mikono kiunoni: "Angalau sasa ni safi." Tulilimwaga lote, tukasuuza mpaka tukachoka.

Halafu hita ikafa. Umeme ulikatika, uliporudi ulirudi kwa hasira, na tangu hapo maji yakawa baridi. Tukamwita fundi wa mafriji, maana wa mahodhi huku hayupo. Watu wanamwita Fundi Kesho. Alilifungua, akaguna, akasema kipuri lazima kiagizwe, kitafika kesho. Unaelewa jina lake limetoka wapi. Tukayamwaga maji, hodhi likabaki kavu.

Wiki zikapita. Bonge alikuwa anajiburuta mpaka mlango wa uani, anatazama kifuniko, analia. Mimi usoni nilikuwa nacheka naye, moyoni naona kile kidogo alichokipata kinayeyuka. Ndipo Baba Bonge akaniambia mwenye saluni ya jirani analitaka hodhi, hata hivyo hivyo bovu.

"Mama Bonge, tumejaribu," akasema. "Limetushinda."

"Limekushinda wewe," nikamjibu, nikanuna siku nzima. Usinigombeze, Shangazi. Nilijua naye anaumia. Mwishowe nikakubali mama wa saluni aje Jumamosi kulitazama, na nikawaza jinsi ya kukuandikia habari hiyo. Ndiyo iliyonichelewesha.

Jana akaja. Bonge nilikuwa nimemweka mkekani na vijiko vyake. Baba Bonge akafungua kifuniko, kikagonga ukuta kama kawaida, akaanza kulisifu hodhi kama binti anayeozwa. Sote tulikuwa tunatazama ndani. Hakuna aliyekuwa anamtazama mtoto.

Nikasikia mtu anahema miguuni pangu. Bonge alikuwa amejiburuta mpaka kwenye kipandio, kifua tayari kiko ngazi ya kwanza. Nikataka kuinama. Mama mkwe akanishika gauni.

"Mwache. Asiguswe na mtu."

Akapanda ya pili. Akakamata ukingo kwa mkono mmoja, kisha wa pili, akavuta, uso umemwiva. Goti likakaza, na la pili likakaza. Shangazi, alisimama! Alisimama nchi kavu, kwa miguu yake, kidevu juu ya ukingo, akachungulia ndani, akaona patupu. Akatugeukia na uso wa mtu aliyedhulumiwa.

"Maji?"

Baba Bonge alikaa chini pale pale uani, bila kujali suruali yake nzuri. Mama wa saluni akafuta macho, akafunga mkoba wake. "Mimi mabeseni yangu yananitosha," akasema. "Huyu mtieni maji."

Basi hilo ndilo jibu lako. Raha, limejaa. Kutegemeka, hapana, na nashukuru halitegemeki, maana lingekuwa na maji jana ningembeba mwenyewe nikamtia ndani, kama siku zote. Hatuliuzi. Fundi Kesho ameapa kipuri kitafika kesho, na safari hii Baba Bonge ameenda naye kukifuata.

Baba yangu, kaka yako, anakusalimu, anasema uandike mara nyingi zaidi. Baba Bonge anakusalimu. Mama mkwe anasema njoo na mgongo wako, atakupisha, ila usikae sana. Mungu akulinde, akupe usingizi mtamu, na kila ulichotupa akurudishie kwa njia usiyoitarajia.

Nafunga hapa. Bonge yuko kwenye kipandio tena, amesimama, anapigapiga kifuniko.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,
Mama Bonge