Vazi la Mvunaji na Koti la Baba Nzisa

Jumapili, 26 Januari 2025

Baada ya ibada Pasta Mulwa alituonyesha picha ya kigae cha chungu chenye maandishi ya Kiebrania, ya karne nyingi kabla ya Yesu. Nilidhani ni zaburi. Kumbe ni mvunaji analalamika! Amemaliza kuvuna, ameweka nafaka ghalani, mtu mmoja aitwaye Hoshayahu akaja akamnyang'anya vazi. Anamwambia mkubwa wa pale: waulize ndugu zangu waliovuna nami juani, watanishuhudia.

Watu walicheka. Nikauliza kama alirudishiwa. Pasta akasema hakuna ajuaye.

Hakuna ajuaye! Nimekasirika hadi sasa, na mtu mwenyewe simjui.

Jumanne, 28 Januari

Mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi za shamba, walikuja kunisaidia kuvuna ndengu, akina mama wote. Tukiwa shambani, Musembi, mdogo wa marehemu mume wangu Baba Nzisa, aliingia nyumbani kwangu akatoka amevaa koti la marehemu. Lile la kijivu alilovaa akilinda maduka usiku mjini Emali. Kwa jua hili!

Nikamwambia, "Shemeji, rudisha." Akasema nguo za ndugu ni za ndugu. Lakini siku ya kugawa nguo za marehemu wazee walimpa viatu na suruali. Koti waliniachia mimi, mbele ya akina mama hawa hawa. Leo nikawageukia wanishuhudie, kila mmoja ameinamia ndengu. Hata Katunge, mke wa Musembi, tunayelima naye mtaro mmoja.

Kifungo cha juu nilikishona kwa uzi mwekundu, mweusi ulikuwa umeisha. Baba Nzisa akasema sasa hata wezi watajua ana mke.

Jumatano, 29 Januari

Pasta: "Mama Nzisa, ni koti tu. Samehe."

Nikamuuliza kama mvunaji naye angeambiwa ni vazi tu. Akakohoa. Jumapili alimwita mtu wa haki!

Wazee nao hawataki kuingilia. Kugawa waliweza, kusema hawawezi. Nimechoka kuambiwa mimi ni mpole.

Nimemshtaki Musembi kwa naibu wa chifu.

Jumatatu, 3 Februari

Niko ofisini kwa naibu, Migwani, na akina mama wa mwethya wameitwa kushuhudia. Musembi amekuja na koti mwilini! Hana haya. Amesema, "Shemeji amesoma habari za Wayahudi, sasa mimi nimekuwa Farao." Wakacheka, hata askari wa mlangoni.

Naibu akauliza nani aliwasikia wazee wakiniachia koti. Ndila akatazama sakafu. Mutindi akasema ameacha kuku nje, akaomba kwenda; naibu akamwambia aketi. Kuku! Mwaka jana nilimpalilia shamba lote akiwa na homa.

Ndipo Katunge akaniwekea mtoto wake magotini, akasimama.

Musembi akamwambia mkewe: "Mama Kioko, keti chini."

Hakuketi. Akasema, "Mimi nilikuwa hapo." Sauti ndogo, lakini tulimsikia sote.

Simu ya naibu ikalia. Ametoka kuipokea, ametuambia tungoje, mtu asiongee. Naandika kwa mkono mmoja, mtoto amelala. Musembi amefunga vifungo vyote, jasho linamtiririka, na anamtazama mkewe. Hakuna aliyecheka tena.

Katunge bado amesimama. Mutindi naye amesogeza kiti chake nyuma, anainuka —