Kipoza cha Alen

Lushoto,
9 Februari.

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mama pia, na kwamba kifua hakikusumbui tena kwa ukungu wa Kwamkoro. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Esteria anakuamkia. Mjukuu wako Heri ameingia darasa la tatu, na bado anashika kijiko kwa mkono wa kushoto kama marehemu baba yake mdogo. Mvua ni chache, lakini kabichi zinakwenda.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mwezi huu nimekupigia mara tatu nikiwa na jambo la kukuambia, na kila ulipopokea niliishia kukuuliza habari za chai. Nimeona heri niandike.

Jambo lenyewe ni kile kipoza cha mdogo wangu Alen. Ulikiona siku moja tu, kwa hiyo nianze mwanzo.

Kompyuta za dukani kwake zilikuwa zinajizima kwa joto. Mafundi wenzangu wa gereji walimcheka, wakamwuliza kama kompyuta ya Lushoto inaona joto, wao wanaolala na makoti wamemkosea nini Mungu. Alen alicheka nao, kisha akawaeleza kwamba joto halitoki nje, linatoka kwenye prosesa, kile kidude kidogo kama biskuti kinachofanya hesabu zote za mashine. Vipoza vilivyokuja na kompyuta vilikuwa vimekufa, na vipya hadi viagizwe Dar es Salaam. Akasema atabuni chake.

Alikichora kwenye daftari la hesabu. Chini, bamba la shaba la kukalia prosesa. Juu ya bamba, mirija minne ya shaba tuliyoing'oa kwenye friji bovu, ndani yake nyuzi za waya na maji kidogo tu. Maji yakichemka chini, mvuke unapanda, unapoa kwenye mapezi, vibati vyembamba vya alumini vinavyopulizwa na feni, unageuka maji na kurudi chini. Alisema aliwaza hivyo utotoni, akitazama matone chini ya mfuniko wa sufuria ya Mama. Mimi nilikata mapezi kwa mkasi wa bati na kuchomelea mirija. Bamba tulilisugua siku mbili, kwa msasa kisha kwa majivu, mpaka nikaona meno yangu. Alinisisitizia kwamba hata unywele ukiingia kati ya bamba na prosesa, joto litakwama.

Shule moja ya sekondari ilikuwa imeahidi kuchukua vipoza kumi na viwili iwapo hicho kimoja kingefanya kazi siku nzima.

Basi ulipokuja Julai kwenye kipaimara cha binti yetu mkubwa, Alen alitaka kijaribiwe mbele yako, kwa sababu umetengeneza mashine za kiwanda cha chai miaka thelathini. Kompyuta haikumaliza dakika kumi, ikazima. Uligusa mapezi, ukasema ni ya baridi, joto halipandi, mirija yake imekufa. Ukaniuliza kama nilifuata mchoro. Nikajibu kwamba nilifuata kila kitu. Ndipo ukamwambia Alen kwa Kishambaa, kwa upole, kwamba kazi ya mashine si ya kila mtu, atafute nyingine. Alikunja daftari, akakuuliza kama chai yako itiwe tangawizi.

Mwezi uliofuata alifunga duka, akateremka Mazinde kuuza misumari na saruji kwenye duka la mtu. Mwili wa mtu wa milimani haujazoea mbu wa kule. Mwenyewe unajua homa ilivyompata Novemba, na kwamba ilimchukua ndani ya siku nne. Kaburini ulisema Alen alianza mengi, Mungu ndiye atakayemalizia. Watu waliitikia amina.

Baba, sikufuata kila kitu.

Unajua misalaba na mageti ninayotengeneza. Chochote cha shaba kikitoka mikononi mwangu nakipaka vanishi isiyo na rangi, la sivyo ukungu wetu unakigeuza kijani kabla ya mwezi kuisha. Siku moja kabla hujafika, Alen alikuwa kanisani akipanga viti, nami nikakipaka kipoza chote vanishi hiyo mara tatu, pamoja na lile bamba la chini, ili ukione kinang'aa. Niliona nimemfanyia wema. Wala haikunijia kumwambia.

Septemba nilitaka kuitumia ile shaba kwa kazi nyingine. Nilipoipasha moto, vanishi ikavimba na kutoka kama utando wa maziwa. Nikakumbuka ule unywele aliousema Alen. Nikaikwangua yote, nikaenda kwa Glory, yule binti aliyekuwa akichapa barua dukani kwa Alen, ambaye alibaki na kompyuta moja nyumbani kwao. Tukakifunga. Iliwaka tangu asubuhi hadi jioni bila kuzima, na mapezi yakawa na joto la mkate uliotoka kuiva.

Alen alikuwa hai, Baba. Alikuwa Mazinde, na simu yake ilipatikana. Nilimwomba Glory anyamaze, nikasema nitamwambia mwenyewe akija Krismasi, maana niliona aibu kwa lile jibu nililokupa. Novemba ikatangulia.

Wiki iliyopita Glory aliipeleka ile kompyuta shuleni, na sasa wanavitaka vile kumi na viwili. Daftari ninalo, shaba imepatikana. Sijakata hata pezi moja. Wataniuliza ni nani aliyebuni, na sitaki jina la Alen lisafishwe kwa wageni kabla halijasafishwa kwako.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Jumapili ijayo nitakuja, na ukiona vigumu kunikaribisha ndani, nitakuelewa. Mama akitaka kusomewa, msomee akiwa ameketi.

Msalimie sana, na majirani wote walioshinda nasi msibani. Mungu awatunze.

Ni mimi mwanao,
Kristofa