Kuku Wasiojua Dawa

4 Februari

Mwanangu, msomi wangu,

U mzima? Kifua kimepona? Mimi nadunda, magoti tu ndiyo yanalalamika. Tangu uje na vijiti vyako vya pamba kuwapangusa kuku wangu makalioni, mtaa hauna habari nyingine. Fundi cherehani ananiuliza, "Mama Msomi, hivi kweli kuku nao wanaandikwa vitabuni?" Nikamjibu, wangu ndiyo, wako wataishia kwenye sufuria! Kumbuka nilivyokwambia mbele yake: kuku wangu hawajui dawa. Walinganishe na hao wa mabanda makubwa, uone tofauti.

Mama yako, asiye na mpinzani

11 Machi

Shikamoo mama,

Kifua kimepona. Magoti uyapumzishe. Mama, majibu yametoka na yamenishangaza. Bakteria wa kuku wako hawafi kwa antibaiotiki, sawasawa na wa mabanda makubwa. Lakini usiumie. Jeni za usugu huo huhama: bakteria mmoja humpa mwenzake, hata wa aina nyingine, kama mtu anayemwonyesha jirani mshono, jirani anaondoka na ujuzi, na mwenyewe anabaki nao. Kwa kuwa wewe hutumii dawa, lazima zimetoka banda la karibu. Ndivyo nitakavyosema mbele ya walimu mwezi ujao. Ni jambo kubwa, mama.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Naona haya hata kukuuliza hali. Barua yako niliisoma kwa sauti dukani kwa fundi. Tukamtaja dereva mstaafu, jirani wa nyuma, kwamba kuku wake ndio walioniharibia wangu. Mimi ndiye niliyesema kuliko wote. Jana kaja, kavua kofia mlangoni: "Mama Msomi, sikujua. Nisamehe." Nami, mwanangu, nikamsamehe! Nikamwambia yameisha.

Dawa nawapa. Ile ya unga wa njano ya duka la mifugo, kwenye maji yao, hata wakiwa wazima, wasije wakanyong'onyea nikachekwa. Siku ulipouliza, fundi alikuwa amesimama pale pale, na mayai namuuzia kwa bei ya juu eti ni safi. Mdomo ukanitangulia. Nakuomba, usiyaseme yale mbele ya walimu.

Mama

20 Aprili

Shikamoo mama,

Kuku wako nimewaondoa kwenye utafiti. Naanza upya, mwaka huu sitahitimu. Mwalimu aliuliza ni nani aliyeniambia hawapewi dawa. Nikasema sikuuliza vizuri.

Dereva umeshamwambia?

Mwanao

28 Aprili

Marahaba mwanangu,

Uliuliza vizuri. Mwambie mwalimu wako hivyo.

Nilianzia kwa fundi, akacheka akidhani natania, kisha akaacha kucheka. Dereva nimemkuta na mkewe. Nimeyasema yote nikiwa nimesimama, maana kiti nilikikataa. Nilipomaliza, dereva alitangulia kunifungulia geti.

Mama