Maziwa ya Jioni

Nakuru, Jumanne

Shangazi mpendwa,

Habari ya Kabazi? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi ni mzima, ni usingizi tu umenikataa.

Unakumbuka chuo kilituweka wanafunzi wanne wa masters kwa kampuni inayonunua maziwa yenu, tuwatafutie kwa nini yanaharibika njiani. Miezi miwili tumepima matangi na malori, hakuna kitu. Halafu juzi tukinywa chai nikawachekesha wenzangu na mambo ya nyumbani, bila kukutaja, vile wewe hulaza maziwa ya jioni kwa ndoo ya maji baridi, kisha unayachanganya na ya asubuhi ndio mkebe ujae. Sundus, kiongozi wetu, hakucheka. Alitoa kalamu.

Tulipima, Shangazi. Ni hayo. Alhamisi kampuni inakuja kupima kila mkebe huko, na mwenye kuchanganya anafutwa kabisa, hatauza tena.

Naandika kwa karatasi, dereva wa matatu ya huko akuletee leo jioni, kwa sababu simu huacha alama. Tulitia sahihi kwamba hatutasema nje. Wakijua, nitafukuzwa chuo.

Tafadhali, kuanzia kesho usichanganye. Ya jioni mnywe nyumbani. Na usimwambie mtu, hata jirani yako Mama Kiptanui. Najua mnakamua pamoja, lakini yeye usimwambie.

Sundus aliniuliza ni nani huyo anayechanganya. Niliogopa, Shangazi. Nikataja jina la Mama Kiptanui.

Choma hii barua.

Jerotich wako